Samuel Johnson: Mtunga Kamusi Aliyechekwa

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi, lakini mimi nimeielewa mwaka huu tu, tena kwa aibu. Darasani mwetu yumo mwenzetu ambaye shingo humruka ghafla na macho kumpepesa, hasa anapoitwa mbele za watu. Siku moja chamani alisimama kukariri shairi, shingo ikaanza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Juma lilo hilo, nikiwa maktabani nikitafuta habari za watunga kamusi, nikakutana na Samuel Johnson. Si yule Frederick Johnson wa kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939, la hasha! Huyu alimtangulia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Johnson alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 mjini Lichfield, Uingereza. Babake alikuwa muuza vitabu ambaye biashara haikumwendea vyema. Utotoni alishikwa na ugonjwa wa tezi za shingo uliomwachia makovu na kumdhoofisha macho. Mwaka 1712 mamake alimpeleka London aguswe na Malkia Anne, kwani watu wa enzi hizo waliamini kwamba mkono wa mfalme huponya. Wapi! Haukumponya.

Alipokua likazuka jambo jingine. Kichwa kilimtikisika, mwili ukayumba huku na huko, kiganja kikasugua goti, na mara nyingine mdomo ukatoa mlio kama wa kuku. Hakuwa akifanya mzaha. Mambo hayo yalimjia tu.

Mwaka 1728 alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford, akatoka baada ya miezi kama 13 kwa kukosa pesa. Hapo nadhani wengi wetu tunamwelewa! Mwaka 1735 aliomba kuwa mwalimu mkuu wa shule moja. Wakubwa wa shule walikiri kuwa ni msomi, lakini wakamkataa, mojawapo ya sababu ikiwa hofu kwamba ule uso unaojikunja ungewaathiri wanafunzi. Basi akafungua shule yake mwenyewe huko Edial. Wanafunzi walikuwa wachache mno na shule ikafa. Mmoja wao, David Garrick, alikuja kuwa mwigizaji mashuhuri, na hata yeye aliwachekesha watu kwa kumwigiza mwalimu wake. Hata hivyo, mwaka 1737 ni wawili hao waliofunga safari pamoja kwenda London kutafuta riziki.

Mwaka 1746 wauza vitabu wa London walimpa Johnson kazi ya kutunga kamusi ya Kiingereza. Aliahidi kuimaliza kwa miaka mitatu, ikamla kama tisa. Alikuwa na wasaidizi sita tu wa kunakili. Mkewe, Elizabeth, alifariki mwaka 1752 kazi ikiwa bado haijakwisha. Hakuitupa kalamu. Mwaka 1755 kamusi ikatoka, ina maneno zaidi ya 40,000. Si mchezo, bwana!

Inasimuliwa kwamba mchoraji William Hogarth alimkuta nyumbani kwa rafiki, amesimama dirishani akijitikisa, akamdhania punguani. Ghafla Johnson akasogea na kuanza kuzungumza. Hogarth alibaki kinywa wazi kwa ufasaha aliousikia.

Johnson alifariki tarehe 13 Desemba 1784, akazikwa Westminster Abbey. Sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaika, ambaye Johnson alikuwa amemlipia masomo.

Miaka 101 baadaye, mwaka 1885, daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette alieleza hali ambayo sasa ina jina lake. Madaktari wengi wanaamini ndiyo aliyokuwa nayo Johnson. Kwa kawaida huanza utotoni. Si laana, haiambukizi, wala haipunguzi akili. Mtu aweza kujizuia kwa kitambo, kama unavyozuia chafya, lakini mwishowe itatoka tu. Na wasiwasi huizidisha. Kumbe kicheko chetu kilikuwa kinatia kuni motoni!

Mwenzetu ana hali gani hasa? Mimi si daktari, sisemi. Nilimwendea nikamwomba radhi, akanisamehe na kuniruhusu niandike haya. Lakini tangu siku ile hajasimama tena chamani, na shairi lake hatujalisikia hadi mwisho.

Walimu wetu na wanachama wenzangu, muhula ujao tuna mashindano ya ushairi. Naomba tumwite tena. Akianza kusoma, tusikilize shairi, tuiache shingo ifanye yake. Wengi wa watu wa London waliomcheka Johnson wamesahaulika majina, ilhali kamusi yake ipo hadi leo.