Henry Ford, Fundi wa Motokaa

Henry Ford alizaliwa mwaka 1863 katika jimbo la Michigan, nchini Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Lakini Henry alipenda mashine kuliko jembe. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alikwenda mji wa Detroit kujifunza ufundi.

Mwaka 1896 alimaliza kutengeneza gari lake la kwanza bandani. Mlango wa banda ulikuwa mwembamba. Ikabidi avunje ukuta ili alitoe nje.

Wakati huo Ford alikuwa na kazi nzuri katika kampuni ya umeme. Mwaka 1899 aliiacha ili atengeneze motokaa. Kampuni yake ya kwanza ilivunjika. Katika ya pili aligombana na wenye fedha, akaondoka. Hakukata tamaa. Mwaka 1903 alianzisha ya tatu, Ford Motor Company.

Mwaka 1908 kampuni hiyo ilitoa gari liitwalo Model T. Lilikuwa imara, nalo lilifaa kwa barabara mbaya za vijijini. Bei yake ilikuwa dola 850. Mwaka 1913 Ford alibadili utaratibu wa kiwanda. Gari lilisogezwa mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja alifunga kifaa kimoja tu. Kazi ikaenda haraka. Bei ikashuka mpaka chini ya dola 300. Wakulima wengi wakaweza kununua.

Ford akawa tajiri sana. Hapo moyo wake ukabadilika. Alipokuwa mdogo alithubutu kujaribu mambo mapya. Alipokuwa mkubwa hakutaka kuligusa gari lililomtajirisha. Mwaka 1926 msaidizi wake mmoja alimwandikia kuwa gari jipya linahitajika. Msaidizi huyo akafukuzwa.

Wakati huo kampuni ya General Motors iliuza magari mapya ya rangi mbalimbali. Wanunuzi wakahamia huko. Mwaka 1927 Ford alilazimika kuacha Model T, baada ya kutengeneza zaidi ya magari milioni 15. Kiwanda kilisimama kwa miezi kadhaa. Maelfu ya wafanyakazi walikosa kazi. Baadaye alitoa gari jipya, Model A, nalo likapendwa.

Ford alifariki mwaka 1947. Maisha yake yanatufundisha kuwa mazoea yana taabu. Kazi ikikua, tusiache kujifunza na kusikiliza.

Maswali
1. Kwa nini Ford alivunja ukuta?
2. Kwa nini wanunuzi waliiacha Model T?
3. Jadilianeni: Ni mazoea gani yanazuia kazi yenu isiendelee?