Gregory Maloba: Fundi aliyefunzwa subira na mti

Wengi wapitao katikati ya Kampala huiona Sanamu ya Uhuru, mama amemwinua mtoto wake juu, bila kumjua aliyeitengeneza. Ni marehemu Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi ya Kenya, mwaka 1922.

Pale Makerere alifundishwa na Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa mwaka 1937. Mwaka 1941 Maloba alichonga sanamu ya mti kuhusu kifo, ikamjengea jina.

Kazi ya mti haina haraka. Gogo likikaushwa upesi hupasuka. Tezo hutoa umbo, patasi hufuata, msasa humaliza. Kwenye udongo ukikosea unaongeza. Kwenye mti ukikata umekata.

Alisoma zaidi Uingereza, akarudi kufundisha Makerere, na mwaka 1962 akaisimamisha sanamu ile ya saruji. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki mwaka 2007.

Sisi tuliosomea uhamishoni tulirudi tukaikuta imesimama, vita vimepita. Wanafunzi wangu wakitaka kumaliza kinyago kwa kipindi kimoja, huwapeleka kuitazama, kisha huwapa gogo bichi wasubiri likauke.