Selma Lagerlöf: Mwalimu aliyefundisha jiografia juu ya mgongo wa bata bukini

MWANZONI mwa karne ya 20, chama cha walimu wa shule za msingi nchini Sweden kilitaka kitabu kipya cha kusomea madarasani. Vile vilivyokuwapo vilikuwa vimepitwa na wakati. Walimu walihitaji kitabu cha kuwafahamisha watoto nchi yao: milima na mito yake, wanyama wake, kazi na desturi za watu wa kila jimbo.

Kazi hiyo alipewa mwanamke aliyekwisha kuacha ualimu, Selma Lagerlöf. Kitabu alichoandika kilivuka mipaka ya darasa na ya nchi, na zaidi ya karne moja baadaye kingali kinasomwa na watoto wa mataifa mengi.

Selma alizaliwa Novemba 20, 1858, katika shamba la Mårbacka, jimbo la Värmland, magharibi mwa Sweden. Baba yake, Erik Gustaf Lagerlöf, alikuwa luteni wa jeshi. Akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, miguu ya mtoto huyo ilipooza. Baadaye alitembea tena, lakini alichechemea hadi kifo chake.

Kwa kuwa hakuweza kukimbia na wenzake, alishinda karibu na bibi yake mzaa baba, aliyekuwa hodari wa kusimulia ngano. Bibi huyo alifariki Selma akiwa bado mdogo, lakini hadithi zilibaki.

Mwaka 1882 alianza masomo ya ualimu mjini Stockholm, na mwaka 1885 akaajiriwa katika shule ya wasichana mjini Landskrona, kusini mwa nchi. Mwaka huohuo baba yake alifariki na kuacha madeni. Hatimaye Mårbacka ikauzwa. Kulipoteza shamba hilo lilikuwa jeraha ambalo Selma hakulisahau.

Alifundisha kwa miaka 10, huku akiandika kila apatapo nafasi. Mwaka 1890 alishinda shindano la jarida la wanawake la Idun kwa sura chache za riwaya yake ya kwanza, Hadithi ya Gösta Berling, iliyochapishwa mwaka uliofuata. Mwaka 1895, kwa msaada wa fedha kutoka familia ya kifalme na Akademia ya Sweden, aliacha kazi ya shule.

Akifuatana na mwandishi mwenzake, Sophie Elkan, alizuru Italia, kisha Misri na Palestina. Huko aliwatembelea wakulima wa Kiswidi kutoka kijiji cha Nås, waliokuwa wameuza mashamba yao mwaka 1896 na kuhamia Yerusalemu kwa ajili ya imani. Safari hiyo ilizaa riwaya ya Jerusalem, iliyotoka mwaka 1901 na 1902.

Kazi ya walimu ilimpa shida ya namna nyingine. Alisoma kuhusu mimea, wanyama na ngano za majimbo, na mwaka 1904 akasafiri kaskazini kujionea mwenyewe. Tatizo lilikuwa kuyaunganisha mambo hayo yote bila kumchosha mtoto. Hadithi za Rudyard Kipling, ambamo wanyama huzungumza, zilimwonyesha njia.

Ndipo akambuni Nils Holgersson, mvulana wa miaka 14, mvivu na mtesi wa wanyama. Kwa ukaidi wake anageuzwa kijitu kidogo mno, kisha anapaa mgongoni mwa bata bukini dume wa nyumbani kwao, aitwaye Mårten. Wanaandamana na bata bukini wa mwitu, chini ya uongozi wa Akka, kutoka mashamba ya kusini hadi nyika za kaskazini kabisa. Juzuu mbili zilitoka mwaka 1906 na 1907.

Hakuwaficha watoto mambo mazito. Dada na kaka, Åsa na Mats, wanatembea kwa miguu nchi nzima kumtafuta baba yao baada ya kifua kikuu kuifyeka familia, na Mats anafia kwenye machimbo ya chuma. Nils naye anaelezwa kuwa atarudia utu wake iwapo tu Mårten atachinjwa. Anakataa kuununua utu kwa damu ya rafiki.

Kitabu hakikukosa wapinzani. Baadhi ya wanasayansi walikosoa maelezo yake, na watu wa jimbo la Halland walilalamika kwamba limeguswa kwa shida. Watoto hawakujali.

Heshima zilifuata. Mwaka 1907 alinunua tena nyumba ya Mårbacka. Mwaka 1909 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na fedha zake zikamwezesha kukomboa ardhi iliyobaki. Mwaka 1911 aliwahutubia wanawake waliokutana Stockholm kudai haki ya kupiga kura. Mwaka 1914 akawa mwanamke wa kwanza kuingia Akademia ya Sweden.

Uzeeni, Ulaya ikiwaka moto, alitoa medali yake ya dhahabu ya Nobel kuisaidia Finland iliyovamiwa na Urusi ya Kisovieti. Pia alimwombea hifadhi mshairi Myahudi wa Berlin, Nelly Sachs, aliyekuwa akiandikiana naye barua kwa miaka mingi. Selma alifariki Mårbacka Machi 16, 1940. Sachs aliwasili Sweden miezi miwili baadaye, akanusurika na mauaji ya Wanazi, na mwaka 1966 naye akatunukiwa Nobel.

Katika kitabu cha Nils kuna sura kuhusu Tåkern, ziwa lenye kina kifupi na ndege wengi, ambalo wenye mashamba wanataka kulikausha ili walime. Bata wa mwitu aliyejeruhiwa, na mtoto mdogo wa mkulima anayempenda, ndio wanaowafanya wakubwa wabadili nia. Ziwa hilo lipo kweli, na halikukaushwa. Leo ni hifadhi ya asili, na bata bukini wangali wanatua hapo kwa maelfu.