Bernard Silver na Mistari ya Kuhesabia Mali

Kila mtunza bohari ajua taabu ya kuhesabu mali: huyu asoma, yule aandika katika leja, na mwisho hesabu ya rafu haipatani na ya kitabu. Siku hizi, katika mabohari mengi, mtu hushika skana mkononi, akaielekeza kwenye mistari myeusi iliyo juu ya sanduku, na papo hapo kitu hutambulikana. Mmoja wa watu wawili walioanzisha jambo hili alikuwa Bernard Silver.

Alizaliwa mwaka 1924, akasomea uhandisi wa umeme katika chuo cha Drexel, mjini Philadelphia, Marekani. Mwaka 1948, akiwa bado chuoni, alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka ya vyakula akimwomba mkubwa mmoja wa chuo itafutwe njia ya kuzitambua bidhaa kwa mashine wakati mteja anapolipa. Ombi lilikataliwa. Maneno yale hayakumhusu Silver hata kidogo, lakini alimwendea rafiki yake, Norman Joseph Woodland, akamweleza.

Kwanza walijaribu wino maalumu, lakini ulififia upesi na bei yake ilikuwa ghali. Kisha Woodland, akiwa ufukweni Miami Beach, alikumbuka nukta na vistari vya Morse alivyojifunza uskautini. Akavivuta mchangani kwa vidole, vikawa mistari mirefu, mingine myembamba na mingine minene. Wakaomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1949, wakaipata tarehe 7 Oktoba, 1952.

Chombo chao cha kwanza cha kusomea kilikuwa kikubwa kama dawati. Taa yake ya wati 500 iliiunguza karatasi hata ikatoa moshi! Hata hivyo kilisoma. Hawakupungukiwa na akili, ila mwanga mwembamba wenye nguvu haukuwapo bado. Leza ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1960, na kompyuta za bei nafuu zilikawia zaidi.

Mwaka 1962 hataza ile iliuzwa kwa kampuni ya Philco kwa dola 15,000, fedha ambazo mimi naziona chache mno. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Silver alifariki akiwa na umri wa miaka 38. Tarehe 26 Juni, 1974, katika duka moja mjini Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ilipitishwa juu ya mashine, ikasomwa na kuuzwa. Woodland aliyaona hayo, akaishi hadi mwaka 2012.