Tony Allison: Mwana wa Gilgil aliyefumbua siri ya selimundu

MSAFIRI atokaye Bungoma kuelekea Kitale hupanda kutoka mwinuko wa takriban mita 1,400 hadi karibu mita 1,900. Kwa abiria wa matatu, tofauti hiyo ni baridi kidogo tu dirishani. Kwa mbu aenezaye malaria ni mpaka mkubwa. Na kwa vizazi vingi, mipaka ya namna hiyo ndiyo iliyoamua ni jamii zipi za Afrika Mashariki zingebeba kwa wingi jeni ya selimundu.

Aliyelitambua jambo hilo alikuwa Anthony Allison, maarufu kwa jina Tony. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kulelewa katika shamba la wazazi wake huko Gilgil. Utotoni aliugua malaria, na maradhi hayo hayakumtoka akilini. Alisomea Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford kusomea udaktari.

Mwaka 1949 alirejea Kenya na msafara wa wanafunzi wa Oxford uliokuja kuuchunguza Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu. Akagundua jambo la ajabu. Miongoni mwa jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Katika nyanda za juu, hawakufika hata mmoja katika 100.

Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama aliugua vibaya, na wengi wa aina yake walifariki kabla ya kuoa au kuolewa. Jeni iuayo watoto namna hiyo ingepaswa kutoweka. Mbona ilikuwa imestawi? Allison aliitazama ramani ya malaria akaona inafanana na yake.

Ilimbidi kwanza amalize masomo ya udaktari. Mwaka 1953 akarudi kutafuta ushahidi. Aliwapima watoto 290 karibu na Kampala. Kati ya 43 waliobeba jeni moja, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, vimelea vilipatikana kwa 113. Kisha akawaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 Waluo waliojitolea, waliokuwa wameishi mbali na malaria kwa muda. Kati ya 15 wenye jeni, wawili tu walioneshwa na vipimo kuwa na vimelea. Kati ya 15 wasio nayo, 14. Jaribio kama hilo leo lisingeruhusiwa kwa urahisi, na ni haki lisiruhusiwe. Lakini matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1954, yaliupa ulimwengu mfano ulio wazi wa binadamu akibadilishwa na mazingira yake. Wapo wataalamu waliopinga mwanzoni. Baadaye ushahidi uliwazidi.

Miaka michache baadaye, huko Cambridge, Vernon Ingram alionyesha udogo wa badiliko lenyewe. Himoglobini ni protini ibebayo oksijeni damuni. Mnyororo wake mmoja una asidi amino 146, na katika selimundu ni moja tu, ya sita, iliyobadilishwa. Protini hiyo ikishaiachilia oksijeni hushikamana, na chembe nyekundu hujikunja mfano wa mundu. Samaki wa vilindi vya bahari nao wana protini zilizobadilika kidogo kidogo ili zistahimili uzito wa maji. Tofauti ni kwamba Bungoma gharama ya kuzoea mazingira hulipwa na watoto.

Kwa maana jeni haiachwi nyuma mtu anapohama. Familia nyingi zilitoka Bungoma zikalima Trans Nzoia baada ya uhuru. Kitale kinga ile haina kazi kubwa, lakini wazazi wawili waibebao, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Wapo ambao bado hulaumiana, au humsingizia jirani urogi.

Allison aliongoza maabara ya ILRAD, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akahamia California. Huko yeye na mkewe, Elsie Eugui, walishiriki kutengeneza dawa ya mycophenolate mofetil, inayozuia mwili kukataa figo la kupandikizwa. Alifariki California mwezi Februari mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 88.

Hakuishi kuona mwaka 2023, Uingereza na Marekani zilipoidhinisha tiba ya kuhariri jeni kwa wagonjwa wa selimundu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.