Mwalimu na Kete Sitini na Nne

Oktoba ikikaribia, vyuo vyote nchini hukumbuka kuwa tulikuwa na Mwalimu. Kongamano linaandaliwa, spika zinafungwa, na tunasikia yale yale: Azimio, Muungano, Kagera. Sina ugomvi na hayo. Ila kuna Nyerere mmoja hatajwi sana jukwaani, yule aliyekaa na wazee wenzake, macho kwenye mashimo ya bao. Picha zake zipo, wengi mmeziona. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia, maana mchezo ule ulikuwa naye tangu utoto mpaka uzee, na ukiufuata utapita karibu maisha yake yote, ikiwamo miaka yake ya Tabora, ambako ndiko kwetu.

Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, akaitwa Kambarage. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki tangu 1915, enzi za Mjerumani, na Mwingereza alipokuja akamwacha kwenye kiti chake. Alikuwa na wake 22. Mama yake Kambarage, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa wa tano. Sasa fikiria boma lenye watoto wa wake 22: mtoto kupata nafasi ya kukaa karibu na baba ni jambo la kugombea. Kambarage alichunga mifugo kama wenzake, lakini alikuwa na njia yake ya kuingia kwa wakubwa. Njia hiyo ni soro, au orusoro, bao la Kizanaki. Inasimuliwa kwamba baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na kwamba chifu mmoja wa jirani alikaa kucheza na yule mtoto akafungwa. Badala ya kununa, chifu akamwambia Burito huyu ampelekwe shule.

Masimulizi ya watu wakubwa huongezwa chumvi, najua. Hata hivyo simulizi hii naipenda kwa sababu ya fani yangu. Sisi tunaosomea ualimu tunajazwa nadharia za upimaji, na hapo mzee asiye na chaki wala karatasi alimpima mtoto kwa mbegu na mashimo, akatoa jibu ambalo historia haikulipinga.

Kwa ambao hamjawahi kukaa kwenye bao (na mabwenini kwetu ni wengi, maana huko ni karata na drafti ya vizibo vya soda) nieleze kidogo. Bao la Kiswahili, hili lililoenea zaidi, lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, safu mbili zako na mbili za mwenzako. Kete ni 64, kila mtu 32. Pwani kete ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Bara hata kokoto zinafaa. Mnapoanza, kila mmoja anaweka kete sita kwenye shimo moja linaloitwa nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 zinabaki mkononi. Halafu mnanamua, yaani mnaingiza moja moja, huku mnakula. Na hapa ndipo bao linapoachana na drafti: kete iliyoliwa haitupwi nje. Inahamia kwako, unaisambaza upande wako, inakufanyia kazi, na dakika mbili baadaye mwenzako anaweza kuirudisha. Mpaka mwisho wa mchezo kete zote 64 zipo ubaoni. Hakuna inayokufa.

Ile nyumba ndiyo yenye mtihani. Inanenepa kadiri unavyocheza, na unafika mahali pa kuamua: ulale nayo, au usafiri nayo, uivunje na kuimwaga shimo kwa shimo. Mchoyo hulala. Mwenye haraka husafiri mapema akamlisha adui. Bingwa anajua saa yake.

Basi, mwaka 1934 Kambarage alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Alichelewa kuanza lakini aliruka mbele, na mwaka 1937 akachaguliwa kuingia shule ya serikali ya wavulana Tabora. Safari ya zama hizo kutoka Musoma ilikuwa meli mpaka Mwanza, kisha treni kushuka Tabora.

Tabora aliyoikuta ilikuwa mji wa njia. Kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaumia Mgunda Mkali, ikatokea Tura, Rubuga na Kigwa, halafu Unyanyembe. Kigwa hiyo ni jirani yetu sisi wa Igalula. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita njia hii na pembe mabegani kwenda pwani na kurudi, na kwa mpagazi bao lina faida moja kubwa: halibebwi. Chimba mashimo ardhini, okota mawe, chezeni, kesho yake ondokeni. Reli ya Mjerumani ilifika Tabora 1912 karibu na njia ile ile, na ndiyo maana Igalula ina stesheni. Majirani zetu Wasukuma bao lao wanaliita isolo. Ukilitamka isolo, halafu ukatamka soro, sikio lenyewe linakuambia ni ndugu. Kijana wa Kizanaki aliyefika huku hakuwa amekuja ugenini kabisa.

Shule yenyewe ndiyo ilikuwa ugenini. Ilijengwa kwa mfano wa shule za bweni za Kiingereza, mwanzoni kwa ajili ya watoto wa machifu, watu waliokusudiwa kumsaidia mkoloni kutawala. Walifundishwa Kiingereza, midahalo, skauti. Kambarage alifanya vizuri katika hayo yote, akawa kiranja, na akaanza kuhoji mapema kwa nini viranja wapewe upendeleo. Soro haikuwamo katika mambo ambayo mtu alihesabiwa kuwa anayajua. Akili ile ile iliyomfikisha darasani, darasa halikuwa na jina lake.

Machi 1942, akiwa mwaka wa mwisho, Burito akafariki. Kambarage aliomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake. Shule ikakataa.

Sijui ninyi mnalisomaje hilo; mimi nikifika hapo huwa nasimama. Huyu ni kijana wa miaka 20 kasoro kidogo, mtoto wa mke wa tano katika boma la wake 22, ambaye kwa mujibu wa simulizi alipata ukaribu wa baba yake juu ya ubao wa soro. Mzee anazikwa Butiama, yeye yuko Tabora anasubiri mtihani. Uchifu ukaenda kwa kaka yake, Edward Wanzagi. Kambarage akamaliza shule, akaenda Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu, na Desemba mwaka huo huo akabatizwa akaitwa Julius.

Alirudi Tabora kama mwalimu. Baada ya Makerere alipewa nafasi mbili, shule yake ya zamani ya serikali na St. Mary's ya wamisionari, akachagua St. Mary's ingawa mshahara ulikuwa mdogo. Miaka ile ya mwishoni mwa 1940 ndiyo ningetamani kuiona kwa macho. Mchana alifundisha baiolojia na Kiingereza. Baada ya saa za kazi aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Alikubali kwa muda mfupi kazi ya ukaguzi wa bei madukani, akaiacha alipoona taarifa zake kuhusu wenye maduka wanaodanganya bei hazifanyiwi kazi. Akaingia kwenye mdahalo dhidi ya walimu wa shule ya serikali, mada ikiwa kama Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu tangu bara ligawanywe. Akapinga, akashinda, na zawadi yake ikawa kupigwa marufuku kukanyaga tena pale. Kuna ushindi wa namna hiyo hata kwenye bao, unamfunga mwenye ubao, anaubeba anaingia nao ndani.

Mwaka 1949 aliondoka kwenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada ya M.A. Januari 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel, mwalimu mwenzake, akafundisha Pugu, na Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Yaliyofuata mnayajua tangu darasa la nne, nitayapita haraka, isipokuwa jambo moja lililotokea tena Tabora.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu pale. Mwingereza alikuwa ameweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ilikuwa tusi, na wajumbe wengi walikuja wakiwa wameamua kususia. Nyerere akawashawishi waingie uchaguzini kwa masharti yale yale mabaya. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake. TANU ikaingia, ikaunga mkono hata Wazungu na Waasia waliokuwa upande wake, ikafagia viti. Wanahistoria wanisamehe, lakini kwa mtu wa bao ule ni mchezo unaojulikana. Unamwachia mwenzako ale, kwa sababu umeshahesabu zile kete zitakaporudi. Alivunja nyumba, na saa ilikuwa yenyewe.

Uhuru ukaja Desemba 9, 1961. Wiki chache baadaye, Januari 1962, akajiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Kawawa ili ajenge chama, kisha mwisho wa mwaka akarudi kama rais. Akatafsiri Shakespeare kwa Kiswahili katikati ya shughuli za nchi. Mwaka 1967 akatoa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, ambayo mimi nimeisoma mara nyingi kuliko maandiko mengine yoyote ya fani yangu, na bado naona alichosema kuhusu shule inayomtenga mtoto na kwao alikijua kutoka Tabora, si vitabuni.

Lakini tusimpambe. Kati ya 1973 na 1976 serikali yake ilihamisha mamilioni ya watu vijijini, na mkoa wetu wa Tabora haukubaki nyuma. Wengine walihama kwa hiari, wengine nyumba zao zilibomolewa. Watu waliacha mashamba, makaburi ya wazee na miti ya kivuli waliyoizoea. Hapo mchezaji alikosea kitu cha msingi. Kete unaikamata, unaipeleka shimo la pili, haina la kusema. Mtu ana la kusema, na baadhi ya wazee wa kwetu mpaka leo ukiwagusa habari za operesheni hawacheki.

Mwenzake katika Muungano, Abeid Karume, alikuwa naye mtu wa bao. Jioni ya Aprili 7, 1972 alipigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya ASP, na maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba alikuwa ameketi anacheza bao. Nyerere aliishi. Mwaka 1985 akatoka Ikulu kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo Afrika ya wakati ule lilikuwa nadra kweli, na baadaye akarudi kijijini Butiama.

Huko akalima, akasoma, akatunga tenzi za Injili, na akacheza bao na wazee. Fikiria hesabu hiyo: kutoka Mwisenge 1934 hadi hapo ni zaidi ya miaka 50. Katikati yake kuna shule ambazo hazikuuhesabu mchezo wake kuwa elimu, Uingereza, Umoja wa Mataifa, vita na madeni. Na mchezo bado uko mkononi, haujapungua hata kete. Miaka yake ya mwisho aliitumia kusuluhisha Warundi kule Arusha, kazi ya watu wasiotaka kukaa ubao mmoja. Alifariki London, Oktoba 14, 1999, kwa saratani ya damu. Akazikwa Butiama, alikozikwa baba yake.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilichokikuta Igalula ni mchezo ambao hauuzwi. Nenda madukani uulize ubao wa bao. Utapewa ludo ya karatasi iliyotoka China. Mbao za mninga, ambazo misitu yetu inasifika kwazo, zinakwenda kuwa milango na vitanda. Ubao wa zamani ukipasuka hautengenezwi mwingine, na mwenye nao akifa wajukuu hawajui ile nyumba ni shimo lipi. Isolo na soro, zenye kanuni zake tofauti na za bao la pwani, ziko pabaya zaidi, kwa kuwa hazikuandikwa sana na wanaozicheza ni wazee watupu. Wala siamini ugonjwa ni simu peke yake, kama tunavyopenda kusema. Bao halina dakika 20. Linataka mtu asiye na haraka na mwenzake asiye na haraka, na siku hizi wawili hao kuwakuta pamoja ni kazi.

Ila wapo. Karibu na stesheni kuna wazee wanaocheza chini ya mwembe kwenye ubao ambao shimo moja limetoboka hadi upande wa pili, wameliziba kwa nta ya nyuki. Kete mbili zilipotea, pengo limezibwa na vifungo vya koti. Likizo iliyopita nilikuwa nakaa nao, na mmoja ameniahidi kwamba nikimfunga mara moja tu, ubao ni wangu niende nao fildi nikawafundishie wanafunzi. Hadi nafunga mkoba kurudi chuoni ilikuwa yeye kumi na moja, mimi sijapata kitu.