Mchoraji Aliyeichora Kongo Asiyoiona

Mtu asimamaye ufukoni Kigoma au Ujiji, hewa ikiwa safi, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mvuvi wa dagaa huiona, na mpagazi wa bandarini huiona. Lakini hadithi ya picha juu ya Kongo iliyosambaa sana duniani ilichorwa na mtu ambaye hakupata kuikanyaga nchi hiyo hata siku moja. Yafaa wasomaji wetu wayajue maisha yake, maana yana funzo kwa kila mwenye kushika kalamu.

Jina lake lilikuwa Georges Remi. Alizaliwa tarehe 22 Mei 1907 huko Etterbeek, katika mji wa Brussels. Aligeuza mpangilio wa herufi za mwanzo za majina yake mawili, akapata jina la kalamu, Hergé. Aliajiriwa na gazeti la Le Vingtième Siècle, lililoongozwa na padre Norbert Wallez, akapewa kazi ya kutunza ukurasa wa watoto. Humo, tarehe 10 Januari 1929, alimzaa Tintin, kijana mwandishi wa habari aendaye huku na huko pamoja na mbwa wake.

Padre huyo alitaka vijana wa Ubelgiji waipende koloni yao. Kwa hiyo Tintin alipelekwa Kongo, na picha zake zikatolewa kila juma kuanzia Juni 1930 hadi Juni 1931. Hergé alikuwa kijana wa miaka 23. Alichota habari katika jumba la makumbusho la Tervuren na katika maneno ya wakoloni. Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Naye alichora gizani. Mwafrika katika picha hizo ni mtu wa midomo mikubwa, mvivu, asiyejua kusema vizuri. Tintin anagongana na gari-moshi, nalo linaanguka kama kichezeo. Kisha abiria Waafrika wanakaripiwa mpaka waliinue.

Ndugu wasomaji, linganisheni picha hiyo na mambo yenyewe. Reli ya kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, ilifika Kigoma mwaka 1914 kwa jasho la wafanyakazi Waafrika. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, na kwa mapatano ya mwaka 1921 wakapewa sehemu yao bandarini ili mizigo ya Kongo ipite hapo. Basi mikono ile iliyochorwa kuwa mivivu ndiyo iliyojenga njia na kubeba mizigo ya utajiri wa Ubelgiji.

Lakini haki yataka tuseme na yaliyofuata. Mwaka 1934 Hergé alikutana na Zhang Chongren, mwanafunzi Mchina wa sanaa mjini Brussels. Huyu alimfundisha kwamba kabla ya kuwachora watu ni wajibu kwanza kuwajua. Hadithi yake juu ya China iliyotoka kwa mafunzo hayo iliwatetea Wachina dhidi ya uvamizi wa Wajapani. Tangu hapo alifanya uchunguzi kabla ya kuchora.

Hata hivyo hakuwa mtu asiye na doa. Wajerumani walipoitawala Ubelgiji, alichora katika gazeti la Le Soir lililokuwa mikononi mwao, na nchi ilipokombolewa mwaka 1944 alikamatwa mara kadhaa. Aliinuliwa tena na Raymond Leblanc, mtu aliyepigana na Wajerumani kwa siri, ambaye mwaka 1946 alianzisha jarida la picha liitwalo Tintin. Jarida hilo lilidumu zaidi ya miaka 40.

Mwaka huo huo wa 1946 hadithi ya Kongo ilichorwa upya kwa rangi. Somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kongo kwamba Ubelgiji ndiyo nchi yao, liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Wafanyakazi wavivu wa gari-moshi hawakugeuzwa. Baadaye Hergé alikiri kwamba alilelewa katika mawazo ya dharau ya wakati wake.

Karibu mwaka 1970 jarida moja la Kinshasa, Zaïre, liliichapisha tena hadithi hiyo, likieleza kwamba Wakongo waweza kuucheka ujinga wa Mzungu. Mwaka 1973 picha za kwanza za gazetini zilikusanywa na kutolewa tena kama zilivyokuwa. Hergé alifariki tarehe 3 Machi 1983. Mwaka 2007 Mkongo mmoja alikishtaki kitabu hicho mjini Brussels; mwaka 2012 mahakama ilikataa kukipiga marufuku.

Sisi twaona kwamba picha za kale za magazeti zistahili kuchapishwa tena, wala zisisafishwe kwa siri. Ziandikwe mwaka, jina la mchoraji, na kazi aliyotumwa kuifanya, ili mtoto asomaye ajue ni nani aliyesema uongo, na kwa faida ya nani. Lakini hilo peke yake halitoshi. Yule aliyekulia ufukoni, aijuaye reli, mtumbwi na soko la Ujiji, naye ashike kalamu achore. Kama hatachora yeye, atachorwa na mgeni.